Uzio wa Nguruwe Pori

Pemba, 4 Agosti 2013

Mama Nuria,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kulalamika kwamba mwandiko wangu umeharibika, na ni kweli, mkono wangu siku hizi umezoea kompyuta. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu mtandao wa Mkwajuni ulikukata ukiwa bado unaniuliza kama nimekula. Basi nimerudi kwenye barua. Nampa Domingos wa gari la samaki, ambaye ameapa kuifikisha bila kuitia harufu.

Mimi mzima. Baba amestaafu na kurudi kwao Inhambane, anakusalimu sana. Kila akikumbuka miaka yake ya ukarani kule Palma hutaja jambo moja tu, kwamba mama alipofariki ni wewe uliyesema, huyu mtoto wa kusini aachwe hapa, bweni langu halimshindi. Nilifika kwako nina miaka kumi na miwili, sijui hata kuomba maji kwa Kiswahili.

Nina habari njema. Nimepata kazi katika ofisi ya kuchora ramani, chini ya mhandisi mmoja, wanamwita Injinheiro Celso. Na kazi niliyopewa, hutaamini, ni ramani ya misheni yetu ya Santa Rita: kanisa, shule, chuo cha walimu, vyote. Ramani ya mapadre wa zamani haipo, wanasema ilipotea serikali ilipozichukua shule za misheni mwaka sabini na tano. Ofisi ina picha zilizopigwa kutoka angani, lakini mapaa hayasemi chini yake mna nini. Nikamwambia Celso yuko mtu anayeijua misheni ile kwa nyayo zake. Nisaidie, Mama. Niandikie jengo moja moja, limejengwa kwa nini, liko upande gani, na kutoka hapa hadi pale ni hatua ngapi. Hata vibanda vya udongo usiviache. Ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Mwanao,
Marlene


Mkwajuni, 19 Agosti 2013

Mwanangu Marlene,

Marahaba. Mwandiko umeharibika, na barua inanuka changu.

Nimefurahi mpaka nimeacha kunde motoni nikaenda kuhesabu hatua. Fikiria mwanamke wa miaka hamsini na nane anatembea uwanjani akihesabu kwa sauti, na wanafunzi wa chuo wamejaa kwenye ngazi wananitazama kama nimerogwa. Mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimepoteza adabu za vijana, akiziona aniletee.

Haya, shika kalamu. Ukiingia langoni kutoka barabara ya Mute, una mivinje kushoto na kulia, hatua mia na ishirini mpaka kanisani. Kanisa ni mawe ya matumbawe na chokaa, uso wake baharini. Mnara unaishia kifuani, kwa sababu padre Mreno aliyeujenga aliondoka uhuru ulipokuja, na waliofuata hawakuwa na haraka nao. Kushoto, hatua thelathini, nyumba ya mapadre yenye baraza refu. Kulia shule ya msingi, safu tatu za matofali ya saruji, na nyuma yake sekondari, safu mbili. Nyuma ya kanisa, hatua hamsini na tano, Chuo cha Walimu, ghorofa yetu ya pekee, ngazi zake ziko nje. Wakati wa vita askari walilala juu na mbuzi walilala chini, na walipoondoka, ilikuwa rahisi zaidi kuondoa harufu ya mbuzi. Baada ya chuo, karakana ya useremala, kisha bweni la wavulana.

Vyote hivyo viko kwenye mstari mmoja. Wale mapadre walipenda mstari. Walipanga nyumba kama watu wanavyopanga safu msikitini, ila hilo usimwambie Padre Abílio.

Halafu upande wa kaskazini mstari unakwisha na maisha yanaanza. Kuna jiko la Fátima, nguzo za miti na paa la makuti, tangu asubuhi moshi hauna pa kutokea. Kutoka jikoni hadi kisimani hatua arobaini na mbili. Kutoka kisimani, hatua kumi na tisa, bweni la wasichana, letu. Miti, mawe na udongo, limepigwa chokaa tuliyoichoma wenyewe, na bati tangu mwaka 2004. Vyumba vinne na ua wa kuogea. Mwaka huu nina wasichana thelathini na wanane, tisa kati yao wa Vamizi na visiwa vya jirani. Limelipa kanisa mgongo na limepinda, halifuati mstari wa mtu. Kila mgeni huuliza kwa nini, na kila mgeni namwambia fundi alikuwa mlevi. Mungu anisamehe, fundi alikuwa amehiji Maka.

Na kuzunguka vyote, kanisa mpaka bweni, kuna uzio wa miti na waya. Huo unaujua.

Sasa na mimi nikuulize. Wiki iliyopita walikuja wanaume watatu wenye kofia ngumu, wakapaka namba nyeupe kwenye kila ukuta. Bweni langu limeandikwa 31. Nikawauliza namba ni za nini, wakacheka na kusema, za gesi. Gesi iko chini ya bahari, nikasema, bwenini hapa mna nini? Wakabeba kopo lao la rangi wakaenda zao. Wewe uko ofisini na wakubwa, niulizie.

Mama yako,
Nuria Abdurrazaque


Pemba, 2 Septemba 2013

Mama Nuria,

Shikamoo, na asante. Celso alisema hajawahi kupata vipimo vizuri namna hii kutoka kwa mtu asiye na kamba wala chombo. Nilipima hatua yako kwenye picha za angani, kila moja ni sentimita sitini na nane, na hukukosea hata mara moja.

Swali moja limebaki. Bweni limepinda nyuzi kumi na nane kutoka kwenye mstari wa chuo. Celso anataka kujua sababu, maana ramani ikiwa na kitu kisichoeleweka, watu wa juu huirudisha.

Habari ya zile namba siijui vizuri. Nadhani ni utaratibu tu wa kuhesabu. Usijitie wasiwasi.

Kazi ni nyingi, nitaandika kwa kirefu siku nyingine.

Marlene


Mkwajuni, 6 Oktoba 2013

Marlene,

Salamu sina leo. Nikizipata nitakutumia.

Jumanne tuliitwa mkutanoni, ghorofani chuoni. Walimu, wazazi, Padre Abílio, watu wa kampuni, na huyo Celso wako, mtu mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa. Akatundika ramani ukutani. Nilikuwa nimekaa mbele. Nikasoma: Jiko la Fátima. Nikasoma: kisima, hatua 42. Mle ndani mlikuwa na hatua zangu, mwanangu, nilizohesabu kunde zikiungua. Nikajivuna. Kwa muda wa kama dakika nzima nilijivuna, nikamgusa mwenzangu nikamwambia, hiyo kaichora mtoto wangu.

Kisha akachukua kalamu nyekundu akazungushia yote, akasema eneo hili litapisha mradi wa gesi. Shule itajengwa upya bara, kupita Mute, madarasa kumi na mawili ya kisasa, chuo chenye umeme, kanisa. Watu wakapiga makofi kidogo, maana umeme ni umeme. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, na bweni la wasichana? Akatazama karatasi zake. Akasema mpango mpya hauna mabweni, wasichana watarudi nyumbani mchana baada ya masomo.

Nyumbani kwao ni Vamizi. Wewe uliyepima dunia kutoka angani, nipimie: kutoka kupita Mute mpaka Vamizi msichana anarudi vipi nyumbani mchana? Wanaokaa karibu ni safari ya saa tatu kwa miguu. Hakuna baba hapa pwani atakayempangisha binti yake chumba mjini ili asome. Bweni likifungwa, wale thelathini na wanane wamemaliza shule, na watakaokuja nyuma yao hawataianza. Hilo ndilo lililowekwa kwenye ramani yako. Siyo jiko, siyo kisima.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimewafundisha methali hiyo wasichana miaka ishirini na sijawahi kuisikia ikiniuma. Uliniandikia ni kwa ajili ya kumbukumbu. Mtu hukumbukwa akishakufa, ningeelewa pale pale kama nisingekuwa mjinga wa mapenzi.

Ile habari ya kupinda kwa bweni sikuijibu, na sasa siijibu kabisa.

Nuria


Pemba, 15 Oktoba 2013

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza ramani ni ya nini, na niliandika neno kumbukumbu kwa sababu niliona haya kuandika lile lingine. Sitatafuta maneno ya kulipamba.

Lakini nisikilize na upande huu. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa Maputo kabla mimi sijaajiriwa. Kwenye picha za angani bweni lilionekana kama kibanda cha kuku, na kisichokuwa kwenye ramani hakifidiwi. Nikajiambia, bora nichore mimi, nikichora vizuri angalau litaandikwa kuwa nyumba. Nilidhani bweni likishaandikwa, jipya litajengwa. Nilipouona mpango wa majengo mapya nilimuuliza Celso. Alisema bweni ni la miti na udongo, halikidhi viwango, kwa hiyo litafidiwa lakini halitajengwa. Nilinyamaza. Nimepanga chumba, Mama, na kazi hii niliitafuta miaka miwili.

Nakuandikia pia kukutahadharisha. Tarehe 30 Novemba ni kikomo. Chochote kitakachojengwa baada ya hapo, na mwanafunzi yeyote atakayepokelewa baada ya hapo, havitahesabiwa. Na tarehe 12 Desemba misheni itatia sahihi kuliachia eneo lote lililo ndani ya uzio, mbele ya mkuu wa wilaya. Uongozi wa misheni umekwisha kubali. Tafadhali usipigane na jambo lililokwisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.

Marlene


Misheni ya Santa Rita, 20 Novemba 2013

Kwa Bibi Nuria Abdurrazaque, Mlezi wa Bweni

Bibi,

Nakusalimu kwa heshima. Nimepata habari kwamba umewatumia ujumbe wazazi wa Vamizi, Mute na vijiji vya pwani walete wasichana wapya Januari. Nimeambiwa pia kwamba akina mama wamekusanya matumbawe na kuni nyuma ya bweni, nia ikiwa kuchoma chokaa na kuongeza chumba.

Nalazimika kukuagiza kwa maandishi: kwanza, usipokee msichana yeyote mpya, pili, usijenge chochote, tatu, bweni lifungwe mitihani itakapomalizika, na ufunguo uletwe ofisini kwangu kabla ya tarehe 12 Desemba, siku ya kutia sahihi.

Mimi pia nimeletwa hapa kutoka Mueda na nitapelekwa nitakakoambiwa. Sikulipanga jambo hili. Lakini majengo yaliyo ndani ya uzio wa misheni ni mali ya misheni, na misheni ina wakubwa wake. Nakuomba unielewe.

Padre Abílio


Mkwajuni, 22 Novemba 2013

Padre Abílio,

Salamu na heshima zako ziko pale pale, maana hujawahi kunikosea adabu, na barua yako haina matusi. Ila ufunguo sileti.

Umeniandikia kwa utaratibu, na mimi nitakueleza jambo ambalo kwa miaka ishirini na mbili nimeliweka kifuani. Mwaka 1991, misheni iliporudishiwa majengo yake, masista walitaka wasichana wasome. Kina baba wakakataa katakata. Binti zao kulala kwenye nyumba ya kanisa, hilo halikuwepo. Ndipo shangazi yangu, Bi Yasmin Ussene, alipotoa kiwanja cha kaskazini, alichorithi kwa baba yake. Baba yake alikusudia kujenga pale mahali pa kuswalia, alikuwa amekwisha kukipima kuelekea kibla, akafa. Bi Yasmin akakifanya wakfu: nyumba ya wasichana wanaosoma, wa dini yoyote, mpaka Kiyama. Mashahidi walikuwa imamu na wazee wawili. Wakfu hauuzwi, haugawiwi, haurithiwi, wala hautiwi sahihi na mtu. Ndiyo maana bweni limepinda. Halifuati mstari wenu kwa sababu lilikuwa na wake.

Utauliza kwa nini hatukusema. Tungesema kwa nani? Wakubwa wako wangejua wasichana wa misheni wanalala juu ya wakfu wa Waislamu, wangewahamisha. Masheikh wangejua juu ya wakfu kuna wasichana wenye misalaba shingoni, wangewatoa. Kila upande ungeokoa dini yake na wasichana wangerudi jikoni. Bi Yasmin akaniagiza ninyamaze, nikanyamaza. Hata Sista Vitória, msimamizi wa masista wale, alijua, akanyamaza vivyo hivyo, na wanawake wawili wasiojua lugha moja waliiweka siri ile kuliko ndugu wa tumbo moja.

Sasa huo uzio. Mwaka 2000 nguruwe pori walimaliza muhogo wote wa misheni. Sista Vitória akazungusha miti na waya, na ili waya utoshe akapitisha nje ya bweni letu, akatuweka ndani. Kosa letu ni kwamba hatukuandika. Waliokuja baada yake wakauona uzio wakadhani ni mpaka, na sisi tuliona wanadhani, tukawaacha. Uzio ule ni wa nguruwe, Padre. Hauna neno lolote juu ya nani mwenye ardhi.

Toa kanisa lako, toa chuo, toa ghorofa na ngazi zake, ni vya kwenu, na mimi nitavililia. Namba 31 si yako. Chokaa tunachoma Jumatatu, na Januari napokea wasichana.

Nuria Abdurrazaque


Mkwajuni, 25 Novemba 2013

Marlene,

Naandika kwa haja, si kwa mapenzi.

Ndani ya barua hii nimekunakilia niliyomwandikia Padre. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umesoma? Ijumaa nilikwenda wilayani. Karani mmoja, kijana mwenye subira, akanifungulia sheria ya ardhi. Akasema sheria ya nchi hii inakubali neno la mdomo mahali pasipo na karatasi, lakini shahidi asiwe mtu wa nyumba ile. Mimi mpwa wa Bi Yasmin, nimetoka. Imamu amekufa, wazee wawili wamekufa, Bi Yasmin na Sista Vitória wamekufa. Mungu awarehemu wote, lakini wametuacha pabaya.

Umebaki wewe. Siku ile ya uzio Sista hakujua Kiswahili na Bi Yasmin hakujua Kireno. Ulikuwa na miaka kumi na minne, walikuita kutoka kisimani umefunga kanga moja, ukasimama katikati yao ukatafsiri. Kila walichoahidiana kilipita kinywani mwako. Mimi nilikuwa mbali, nilikuwa nafukuza kuku. Sikukuuliza siku ile, na baadaye sikukuuliza, kwa sababu hayakuwa maneno yangu.

Wewe unajua walichosema. Na nadhani ulijua ulipokuwa unachora mstari wa mpaka juu ya uzio ule, na ukauchora.

Kuhusu methali yako, nimeifikiria. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ni kweli, lakini hiyo huambiwa mtu aliyekwisha kushindana. Sisi hatujaingia uwanjani bado. Tarehe 12, saa nne asubuhi, ghorofani chuoni.

Nuria


Pemba, 3 Desemba 2013

Mama,

Nimemuuliza Celso. Amesema mfanyakazi wa ofisi hawezi kutoa ushahidi juu ya ramani ya ofisi, na akitoa, asirudi kazini. Nilijua alichokuwa anakisema kabla hajamaliza.

Siwezi kuja. Nisamehe ukiweza.

Marlene


Mute, 13 Desemba 2013

Kwa Injinheiro Celso

Injinheiro,

Pamoja na barua hii naambatanisha ramani ya Santa Rita yenye marekebisho, na ufunguo wa kabati langu.

Ulikuwepo jana, kwa hiyo unajua nilichosema, lakini sehemu kubwa nilisema kwa Kiswahili na wewe ulikuwa unamuuliza jirani yako. Nakuandikia ili ukipate chote, kwa mpangilio, na usije ukapelekewa kilichopotoshwa.

Nilikuwa nimekwisha mwandikia Mama Nuria kwamba siji. Nilipanda gari la Domingos nikijiambia naenda kusikiliza tu. Nilisimama nyuma, karibu na mlango. Padre Abílio aliposhika kalamu, nikajikuta napita katikati ya watu.

Nilieleza kwamba mwaka 2000 nilitafsiri kati ya Bi Yasmin Ussene na Sista Vitória, mbele ya mlango wa bweni. Sista aliomba ruhusa ya kusimika miti juu ya kiwanja. Unaona, aliomba ruhusa. Mwenye ardhi haombi. Bi Yasmin alijibu, na maneno yake nayakumbuka kama alivyoyatamka: "Wekeni. Ila nwambie nsista, uzio wa nguruwe usije ukageuka nkataba." Nikatafsiri. Sista akasema kwa Kireno, na hili nalo nililirudia jana kwa Kireno, ili wewe na mkuu wa wilaya msihitaji jirani: "Kwa niaba ya askofu siwezi kuahidi. Kwa niaba yangu naahidi, na mtoto huyu amesikia."

Mimi ndiye mtoto huyo. Nilisikia, na miaka kumi na mitatu baadaye nikachora mstari juu ya nilichosikia. Hukunilazimisha. Ulinipa kazi na mimi niliifanya vizuri.

Padre aliweka kalamu mezani, akasema hatatia sahihi juu ya kitu kisichokuwa cha misheni. Mkuu wa wilaya aliagiza kiwanja cha kaskazini kitengwe, na shauri lipelekwe mkoani, na mpaka lijibiwe, bweni na kisima visiguswe. Nimeutia mpaka huo kwenye ramani kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu, nyuzi kumi na nane kutoka kwenye mstari wa chuo. Pale chini panapoandikwa jina la mchoraji, nimelifuta jina langu. Nimeliandika pembeni, penye mashahidi.

Marlene Fernando


Mkwajuni, 20 Januari 2014

Marlene,

Siku ile uliondoka kabla sijashuka zile ngazi. Miguu yangu si ya ghorofa. Nilipofika chini Domingos alikuwa amekwisha kukuchukua, na labda ni vizuri, sikujua ningekukumbatia au ningekuchapa.

Nikupe habari. Mkoani hawajajibu. Karani yule mwenye subira anasema wanaweza kujibu mwezi ujao au mwaka ujao, na wanaweza kutukatalia. Wakikatalia, nimemwambia, tutakata rufaa, na rufaa ikishindwa waje watutoe na kamera za waandishi ziwepo, maana mimi sitatoka kwa miguu yangu. Akaniomba nisimwambie mambo hayo yeye.

Misheni inaondoka kweli. Kanisa wameanza kulivua bati wiki iliyopita. Nilikwenda kutazama nikalia, mimi Nuria, ambaye sikuwahi kusali mle hata siku moja. Chuo kinahamishwa baada ya Pasaka. Uzio wameung'oa wa kwanza kabisa, na nguruwe wamekwisha rudi kwenye muhogo.

Padre Abílio alikuja jikoni kuaga. Alisema wakubwa wake hawajafurahi naye na huenda wakampeleka mbali. Alikunywa chai, akasifu mkate wa Fátima, akaondoka. Baadaye nikakuta amesahau madawati ishirini na mawili na ubao mmoja, na alikuwa ameyasahau kwa kuyapanga vizuri sana kwenye ukuta wetu, nje ya kiwanja cha misheni.

Chumba cha tano kimekwisha. Chokaa ilitoka nyeupe, na kwa ile iliyobaki tukaifuta ile namba 31. Wamekuja kuipaka tena, tukaifuta tena. Sasa wanatumia rangi ya mafuta, na sisi tumebandua plasta yenyewe.

Wasichana wamefika arobaini na sita. Wa Vamizi ni kumi na wanne, na mama wawili wamekuja nao kulala hapa mwezi mzima, kuhakikisha. Madarasa ya serikali sasa yako kupita Mute, saa mbili kwa miguu, basi asubuhi watakwenda na mchana watarudia masomo hapa, kwenye madawati ya Padre. Kireno tunaye wa kufundisha, historia tunaye. Mwalimu wa hesabu amehamia kupita Mute, kwenye umeme.

Nimesikia umefukuzwa. Nimesikia pia umerudisha chumba na unalala kwa rafiki. Sitakuficha, sijakusamehe. Ulinidanganya kwa mwandiko ule niliokufundisha mimi, na kila nikipita kisimani najikuta nahesabu hatua, na hasira inanipanda upya. Kusamehe kuna wakati wake na mimi siharakishwi.

Lakini wasichana arobaini na sita hawawezi kungoja hasira yangu ipoe. Masomo yanaanza tarehe tatu Februari. Utanikuta bado nimekasirika. Njoo hivyo hivyo.

Nuria Abdurrazaque